Wanaoogopa simu zao hawajakosa elimu

Vikao vya usalama wa mtandao vinavyofanyika Mbeya, Iringa au Njombe huishia pale pale: wananchi waelimishwe. Mtaalamu akimaliza mada yake, kiongozi wa wilaya husimama na kusema watu wetu wana dhana potofu. Wanadhani serikali inafuatilia simu zao, wanadhani sheria za mtandao zimetungwa kuwaziba midomo. Kisha hupendekezwa semina nyingine. Naamini hapo tunakosea. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini anayemwambia mwenzake "hilo tusiongelee kwenye simu" ana sababu zake, na ukikaa naye atakutajia moja baada ya nyingine.

Serikali nayo ina hoja, na asiyeitaja hatendi haki. Uvumi unaua. Oktoba 2016 watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa Iringa-Mvumi, wilayani Chamwino, kwa sababu tu kijijini palivuma kwamba ni wanyonya damu. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto walipokuwa wakitekwa na kuuawa Njombe, msiba ulikuwa wa kweli, na maneno yaliyopita kwenye makundi ya WhatsApp yalifanya kila mgeni aonekane mshukiwa. Katika hali ile, mwenye dhamana ya usalama hawezi kukaa kimya akisubiri watu wachoke kusambaza. Kuna pia wizi wa mitandao. Hakuna mwenye simu asiyewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mkulima wa parachichi wa Rungwe aliyelipwa mzigo wake asubuhi anaweza kuwa mikono mitupu jioni. Nchi isiyojua nani anatumia laini gani haiwezi kumsaidia mtu huyo.

Kwa hiyo usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 1, 2019, watu wengi wa huku hawakuupinga. Hili husahaulika sana. Walipanga foleni kwenye ofisi za NIDA, zinazotoa vitambulisho vya taifa, walitoka vijijini kwa nauli zao, wengine wakarudi bila namba na kwenda tena. Muda wa mwisho ulikuwa Desemba 31, Rais Magufuli akausogeza hadi Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini zikaanza kuzimwa. Wachuma chai wa Mufindi na Rungwe walipata tabu ya pekee. Vidole vilivyochuma majani na kushika jembe miaka thelathini mashine haivisomi. Mama wa namna hiyo laini yake ilisajiliwa kwa kidole cha mwanawe au cha jirani, na mpaka leo akisahau namba ya siri ya akaunti yake ya pesa, lazima amtafute mwenye kidole, hata kama mtu huyo yuko Dar es Salaam.

Walikubali usumbufu huo kwa ahadi moja: mwizi atajulikana. Basi tuitazame ahadi yenyewe.

Kila robo mwaka Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa takwimu za sekta, na ndani yake kuna jedwali la majaribio ya utapeli kwa kila mkoa. Mara kwa mara mikoa inayoongoza ni miwili, Rukwa na Morogoro. Rukwa ni mwenzetu, ni Nyanda za Juu Kusini. Magazeti huandika habari hiyo kama aibu ya mkoa, kana kwamba Sumbawanga kuna maji yanayotoa matapeli. Kinachopaswa kutusumbua hapo ni kitu kingine. Kila laini inayotuma ujumbe wa utapeli ina kidole, ina namba ya NIDA, ina jina la mtu na la baba yake. Mamlaka inajua hata mkoa ambako ujumbe umetokea. Kwa nini basi ujumbe huo unaendelea kuja?

Jibu liko chini ya mwavuli wa wakala. Nenda Mwanjelwa au Kabwe, jijini Mbeya, uangalie laini zinavyosajiliwa. Mteja anaweka dole gumba kwenye kifaa. Wakala anaangalia kioo cha simu yake, anasema haijasoma, futa jasho, weka tena. Mteja anaweka. "Bado mama, weka kwa nguvu kidogo." Mara nyingi ni kweli haijasoma. Lakini kwa wakala asiye mwaminifu, kila dole ni laini nyingine inayosajiliwa kwa jina la yule mama na kuuzwa kwa mtu asiyemfahamu. TCRA yenyewe imekuwa ikihimiza watu wabonyeze *106# wahakiki laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao, na wapeleke namba za matapeli 15040. Ushauri ni mzuri, ila una maana yake: mtu ametoa kidole ili alindwe, na sasa anatakiwa ajilinde na kidole chake mwenyewe. Polisi wakifuatilia laini ya utapeli, mlango wa kwanza watakaobisha ni wa mama yule.

Sasa linganisha hilo na tukio ambalo kila mtu wa Mbeya analikumbuka. Katikati ya 2024 kijana mchoraji wa Rungwe alijirekodi akichoma picha ya Rais na kutoa maneno makali, video ikasambaa TikTok. Kitendo chenyewe wengi hawakukipenda, wakiwamo wazee wa kwao. Alikamatwa upesi, na Julai 4 Mahakama ya Wilaya ya Rungwe ikamtia hatiani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka miwili. Watu wasiomjua wakachangishana mtandaoni, faini ikalipwa, akatoka. Agosti mwaka huohuo, kwa maelezo ya familia yake, alichukuliwa kijijini kwao na watu wasiojulikana. Polisi wa Mbeya walisema wanachunguza.

Sitaki kuvuka ninachokijua kuhusu waliomchukua. Nataka msomaji aone hesabu wanayoipiga watu wa Tukuyu, Kiwira na Uyole. Aliyechoma picha alipatikana haraka. Anayewaibia wazazi wao hapatikani, ingawa naye ana simu, ana laini na ana kidole kwenye mfumo. Mtu akihitimisha kwamba macho ya dola yanaona vizuri upande mmoja kuliko mwingine, semina haiwezi kumbadilisha, kwa sababu hakulitoa hitimisho hilo kwenye uvumi.

Watetezi wa serikali husema ufuatiliaji ni wa nadra na huwalenga wahalifu tu. Kuna takwimu moja ambayo imenikaa kichwani kwa miaka. Juni 2014 Vodafone ya Uingereza, mbia mkuu wa Vodacom, ilichapisha ripoti ya maombi inayopokea kutoka kwa vyombo vya dola katika nchi inakofanya biashara. Kwa Tanzania, katika mwaka ulioishia Machi 2014, maombi ya kumbukumbu za mawasiliano ya wateja yalikuwa 98,765. Kumbukumbu hizi hazina maneno mliyozungumza. Zinaonyesha nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, simu ikiwa karibu na mnara upi. Gawanya kwa siku 365 utapata maombi kama 270 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwamo, kwa kampuni moja tu kati ya zote zilizokuwepo. Na huo ulikuwa mwaka mmoja kabla Sheria ya Makosa ya Mtandao haijatungwa, na miaka mitano kabla ya alama za vidole.

Inawezekana kabisa kwamba sehemu kubwa ya maombi yale ilihusu simu zilizoibwa na pikipiki zilizoporwa. Polisi wetu hufuatilia simu za wizi, na mwenye simu hushukuru. Lakini idadi ile ilikuja tupu. Haikusema ngapi ni za wizi, ngapi ni za mauaji, ngapi ni za mwanasiasa au mwandishi, na ngapi zilipita mbele ya hakimu. Na tuliipata kwa hiari ya kampuni ya kigeni. Mwananchi wa Makambako anayesema "wanatufuatilia" na afisa anayemjibu "hatuwafuatilii" wote wawili wanazungumza bila karatasi mkononi, ila mmoja wao ndiye mwenye ufunguo wa kabati la karatasi hizo.

Sheria nayo imeacha mlango wazi. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuandika amri ya kutaka taarifa za mtumiaji kutoka kwa yeyote anayezishikilia. Hakimu huingia pale tu inapolazimu nguvu kutumika au mhusika anapokataa. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikataa kutoa taarifa za watumiaji wake, alikamatwa Desemba 2016, na Aprili 2020 akatiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi na kutozwa faini ya shilingi milioni 3. Halafu Septemba 2024 gazeti la Guardian la Uingereza likaripoti ushahidi uliotolewa katika baraza la ajira la London na mpelelezi wa zamani wa kampuni iliyokuwa ikimiliki mtandao wa simu wa Tigo: kwamba taarifa za simu na mahali alipo mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu zilikuwa zikipelekwa serikalini katika wiki zilizotangulia kushambuliwa kwake kwa risasi Dodoma, Septemba 7, 2017. Ni ushahidi wa mtu mmoja katika shauri lake na mwajiri wake, na upimwe hivyo. Lakini ulipofika kwenye redio na simu za watu wa huku, wengi hawakushangaa, na kutoshangaa huko ndiko ningependa viongozi wetu wakutafakari.

Mengine nitayapitia haraka, maana yanajulikana. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 za maombi, leseni na ada ya mwaka. Ada zilipunguzwa baadaye, na serikali inastahili sifa kwa hilo, lakini vijana waliokuwa wakiandika habari za halmashauri zao walishaacha. Oktoba 2023 watumiaji wa VPN, programu zinazoficha nyendo za mtu mtandaoni, walipewa wiki mbili kujisajili. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa hadi Novemba 3, na iliporudi simu zikapokea ujumbe wa polisi ukionya dhidi ya kusambaza picha na video za kuzua taharuki. Mnunuzi wa viazi aliyekuwa akisubiri picha ya mzigo kutoka Uporoto hakuwa na taharuki yoyote. Alipoteza biashara tu.

Hata hakimiliki, ambayo haina siasa ndani yake, imeingia kwenye kivuli hicho. Msanii wa Mbeya ambaye nyimbo zake huingizwa kwenye kadi za kumbukumbu stendi anaihitaji sheria kuliko mtu mwingine yeyote. Januari 2022 COSOTA, taasisi ya serikali ya hakimiliki, iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya 1,000, na baadaye ikaja tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakili na kuhifadhi kazi. Ni hatua za kweli. Lakini ukimwambia msanii wa Iringa ajisajili, kwanza atauliza orodha hiyo ya majina na nyimbo nani mwingine anaiona, na kama siku akiimba mashairi yasiyopendwa itatumika kumtafuta. Mfumo uliojengwa kumlipa unamtia wasiwasi kwa sababu ya mambo ambayo COSOTA haikuyafanya.

Serikali imechukua hatua moja kubwa ambayo wakosoaji hawaitaji vya kutosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Kwa mara ya kwanza mwananchi ana mahali pa kupeleka malalamiko dhidi ya benki, shule au wakala anayetumia taarifa zake vibaya. Hii ni haki inayotokana na Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Udhaifu ni kwamba vyombo vya usalama vina msamaha mpana ndani ya sheria hiyo, na viongozi wakuu wa Tume huteuliwa na Rais. Tume inaweza kumbana wakala wa Kabwe. Kumbana anayeandika barua za kifungu cha 32 ni kazi nyingine.

Nisingependa usajili wa laini ufutwe, wala polisi wanyimwe uwezo wa kufuatilia simu ya mwizi. Ningependa kwanza kila laini mpya inaposajiliwa, ujumbe uende papo hapo kwenye laini nyingine zote zenye namba hiyo ya NIDA, mama wa Mwanjelwa ajue kabla hajaondoka kwenye mwavuli. Pili, amri ya kifungu cha 32 isainiwe na hakimu tangu mwanzo. Polisi wa Tukuyu na Mafinga hupeleka watuhumiwa mahakamani kila wiki. Barua moja zaidi haitawachelewesha, na kwa jambo la dharura sheria inaweza kuwapa saa 48 za kuifuata baadaye. Tatu, jedwali la TCRA la utapeli kwa mikoa liongezewe safu tatu: maombi ya taarifa za wateja yaliyopokelewa katika kila mkoa, mangapi yalikuwa na amri ya mahakama, na mangapi yaliishia kwa mtu kushtakiwa. Hakuna jina la mtu litakalotajwa wala upelelezi utakaoharibika. Bunge linaweza kuyaagiza haya katika kikao kimoja cha bajeti, na wabunge wa Rukwa, ambao mkoa wao umebeba lawama ya jedwali hilo kwa miaka, wana haki ya kuwa wa kwanza kuyadai.