Makaburi yawe asubuhi, mbuzi baadaye

Kinachoniudhi kila Desemba ni ratiba. Mikutano ya ukoo Uchagani, iwe Rombo au Kibosho, inaanza na chai, hotuba, michango, nyama na mbege (pombe ya ndizi), halafu mwisho kabisa, saa kumi na moja jioni, ndipo "kutembelea makaburi". Kufikia hapo wazee wamechoka na ukungu umeshashuka. Sala fupi, picha, watu wanatawanyika.

Makaburi yawe saa mbili asubuhi, kabla mbuzi hajashikwa. Shangazi au babu aliye mzee kuliko wote apewe kiti kando ya kila kaburi, na vijana wawili wakae naye: mmoja anaandika, mwingine anarekodi kwa simu. Jina peke yake halitoshi. Mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, hivyo jina moja linarudi kila baada ya kuruka kizazi kimoja. Andikeni alikuwa mtoto wa nani, alikaa kihamba (shamba la migomba la ukoo) kipi, na hasa mama yake alitoka ukoo gani. Mkiacha jina la mama, watoto wa babu aliyekuwa na wake wawili wanachanganyika kwenye karatasi, na miaka ishirini baadaye wajukuu wanapelekana baraza la kata kwa sababu ya mpaka.

Mwaka wa kuzaliwa wazee wengi hawaujui. Ulizeni alibatizwa wapi, kisha nendeni parokiani au usharikani mkaombe kitabu cha ubatizo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame 1893, kwa hiyo zipo koo zinazoweza kurudi nyuma sana. Nendeni Novemba, wiki ya Krismasi katibu wa usharika hana nafasi.

Halafu masale, ule mmea mtakatifu wa Wachaga. Hapa naomba tusikilizane. Zamani mzee alizikwa kihambani, na baada ya muda fuvu lake likafukuliwa na kuwekwa penye masale. Kwa hiyo kichaka cha masale katikati ya migomba, hata kama hakina msalaba, huenda ndicho kaburi lenyewe. Na hicho ndicho kijana aliyetumwa kusafisha uwanja wa hema anachokifyeka kwanza, maana hakuna aliyemwambia! Mzee apite na utepe siku moja kabla, afunge kila kichaka kisichoguswa.

Fulana za ukoo sizipingi sana. Zinasaidia watoto wa mjini kujuana. Kidari cha mbuzi nacho lazima kimfikie anayestahili kwa mila. Ila fundi wa marumaru za makaburi asimwage zege kabla jina halijachongwa.

Daftari lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa na kutumwa kwenye kundi la ukoo jioni hiyohiyo. Palipo na shaka wekeni alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, na kila alama ipewe mtu wa kuifuatilia kabla ya Pasaka, wazee wakiwa bado wapo.