Uji hautoshi: watoto wa Nyumbani na kesi ya 2004

Januari 2004, mzee wa miaka 84, Kimani Maruge, alivaa sare na kuandikishwa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Picha zake zilizunguka dunia. Mwezi huohuo, Nairobi, makao ya watoto yanayoitwa Nyumbani yalikuwa yamefika mahakamani kwa sababu shule za umma zilikuwa zinawakataa watoto wake. Wote walikuwa yatima, na walikuwa na virusi vya UKIMWI.

Elimu ya msingi ilikuwa imetangazwa bure mwaka mmoja tu kabla. Zaidi ya watoto milioni moja wapya walimiminika shuleni mwaka 2003, na taifa zima lilijivunia. Nimeirudia picha hii mara nyingi kichwani: lango la shule lililo wazi kwa babu wa miaka 84, na lango jingine linalofungwa mbele ya mtoto wa umri halali wa kuanza shule. Tulimshangilia babu, na tulikuwa na haki. Lakini mtoto yule hakuomba apindishiwe sheria. Alikuwa anaomba kile ambacho serikali ilikwisha kumwahidi.

Nyumbani ilianzishwa mwaka 1992 na Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti (mtawa wa shirika la Kikatoliki) aliyekuwa pia daktari, pamoja na Sista Mary Owens wa shirika la masista la Loreto. Walipokea watoto waliotelekezwa ambao makao mengine yaliogopa kuwachukua. Kwa hilo walisifiwa na kila mtu. Sifa zilianza kupungua pale walipotoka jikoni na wodini wakaanza kudai.

Wapo Wakristo wema wanaoamini hadi leo kwamba hapo mapadri na masista walivuka mpaka: kazi ya watawa ni kulisha na kuuguza, mengine waachiwe wanasiasa na mawakili. Hoja yao si ya kubezwa. Mtoto anayeingia darasani kwa nguvu ya kesi anaingia akiwa ameshajulikana, na wakati ule kujulikana kulikuwa na gharama: kutengwa, kuitwa majina, kukosa wa kukaa naye dawati moja. Walimu nao walikuwa wameelemewa na madarasa yaliyofurika, na wazazi wengi walikuwa hawajaelezwa vya kutosha jinsi virusi vinavyoambukizwa na jinsi visivyoambukizwa. Kuwabebesha lawama yote wao peke yao si uungwana.

Kuna na hoja nzito zaidi. Katikati ya miaka ya tisini, Kardinali Maurice Otunga wa Kanisa Katoliki, kanisa la watawa haohao, aliungana na viongozi wa Kiislamu kuchoma kondomu hadharani katika bustani ya Uhuru. Mtu akiuliza kanisa lile lilipata wapi ujasiri wa kuishtaki serikali kuhusu UKIMWI, hilo ni swali la haki, nami sina jibu la kulifuta. Moshi ule uliwatia watu hofu na aibu wakati walipohitaji maarifa, na hakuna wema wa makao yoyote unaoufidia.

Hata hivyo, walioamka usiku kumpoza homa mtoto wa Nyumbani ndio walioona kwanza mahali ambapo huruma inagota. Chukua suala la dawa. Mapema mwaka 2001, kampuni ya dawa ya Cipla ya India ilijitolea kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka, shirika la misaada ya tiba, dawa za kupunguza makali kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati zile za makampuni yenye hataza, yaani haki ya kisheria ya kutengeneza dawa peke yao, zilikuwa zimeuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Sista anaweza kukoroga uji, kufua mashuka na kusali rozari hadi alfajiri, lakini tofauti ile ya bei haifuliki wala haipozwi kwa kitambaa cha maji. Inaamuliwa bungeni na mahakamani. Ndiyo maana mwaka huohuo D'Agostino alitangaza hadharani kwamba Nyumbani ingeagiza dawa za bei nafuu kutoka India, sheria ya hataza ikiwa bado inabishaniwa. Waliomwona mkaidi sijui walitaka awaambie nini watoto wake.

Shule ilikuwa hatua iliyofuata, na nadhani hapa ndipo wakosoaji wanapokosea zaidi. Mtoto aliyekwisha kupata dawa hafi kesho. Anakua, anataka kalamu, anataka kujua kusoma. Ukimwokoa na kifo kisha ukamwacha nje ya lango, umemwokoa kwa ajili ya nini? Siku za nyuma, kumlisha kungetosha kwa sababu maisha yake yalikuwa mafupi. Dawa ndizo zilizoigeuza kazi ya watawa wale kuwa ya haki, wapende wasipende.

Mwezi huohuo wa Januari upande wa serikali ulikubali kuwapokea watoto hao, kabla hukumu haijatolewa. Hofu ya wazazi haikuisha siku ile, na kukaa kwa amani darasani kuliwachukua watoto muda zaidi kuliko kuandikishwa. D'Agostino alifariki Nairobi Novemba 2006. Mwezi uliofuata ilitiwa saini sheria ya UKIMWI ya Kenya, ambayo inakataza shule kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya virusi.