Jengo ni la mtu, njia ni ya jiji

Juu ya maduka ya zamani ya Main Street mjini Jinja, Uganda, kuna majina ya Wahindi na miaka ya ujenzi, yamefinyangwa kwa saruji karibu na paa. Pamba na reli ya Busoga ya 1912 ndivyo vilivyowaleta wengi wao. Lakini nani atainua macho huku bodaboda zikimpita ubavuni? Wazo la kuweka sanaa chini, kwenye njia ya waendao kwa miguu, ni kumwekea mpita njia picha ya jengo, jina lake na mwaka wake pale pale mbele ya mlango.

Wanaolipinga wana hoja, na moja inanigusa. Januari 2022 wachuuzi waliondolewa kwenye barabara za Kampala ili jiji liwe nadhifu. Aliyepoteza meza yake ya nyanya ana haki ya kuuliza kwa nini mchoro upewe nafasi aliyonyimwa yeye. Basi mchoro ulazwe sawasawa na ardhi, ukanyagwe, meza iwekwe juu yake ikibidi. Wengine wanahofu kwamba utakuwa kaburi la jengo: kumbukumbu ipo, kwa hiyo bomoa tu.

Hapo ndipo wanaponipoteza. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Maduka yao wakapewa wengine, kisha sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuyarudisha kwa wenyewe. Mengine yakauzwa, mengine leo yamepakwa rangi za kampuni za simu kutoka chini hadi juu. Katika kupokezana kote huko ufunguo ulikabidhiwa, habari za nyumba hazikukabidhiwa. Mwenye duka akiamua asubuhi kuling'oa jina kwa patasi, jioni halipo, na jirani hatajua kilichoondoka. Kilicho nje ya baraza yake, kwenye njia ya jiji, hawezi kukigusa vivyo hivyo. Na watoto waliokisoma kila siku wakienda shule watakuwa wa kwanza kuuliza mabati ya ujenzi yakizungushwa. Jengo lenye watu wa kuliulizia haliwi rahisi kubomoa.

Kuna pia lile la "hizo ni nyumba za Wahindi, si zetu." Mchanga ule ulibebwa na nani? Ukutani limeandikwa jina la tajiri peke yake. Vibarua waliosimamisha kuta hizo hawana hata herufi, na chini pana nafasi ya kuwachora.

Shaba isitumike, itang'olewa usiku iuzwe kama chuma chakavu. Mifuniko ya zege ya mifereji huvunjika na kufinyangwa upya kila mara. Michoro ichongwe kwenye kalibu za mifuniko hiyo, ianze na maduka ambayo majina yake bado yanasomeka.