Jeni za Mtama na Vigae vya Butana

Mtama wa porini hujipanda wenyewe: suke likikauka, punje hupukutika. Mtama wa shambani humngoja mvunaji. Mwaka 2012 watafiti waliieleza jeni inayohusika na tofauti hiyo, Shattering1, wakakuta imeharibika kwa namna tatu katika aina mbalimbali za mtama. Basi, wakasema wengine, huenda zao hili lilianza zaidi ya mara moja, mahali tofauti.

Hoja ina uzito, ila mimi siikubali yote. Mtama wa shambani na wa porini huchavushana hadi leo vinapoota jirani. Zao lililoanzia mahali pamoja linaweza kuokota mabadiliko mengine njiani, na jeni za leo peke yake hazitenganishi habari hizo mbili kirahisi.

Ndiyo maana navithamini sana vigae vya Butana, mashariki mwa Sudan. Wafinyanzi wa huko, takriban 3500 hadi 3000 KK, walichanganya makapi ya mtama kwenye udongo wa vyungu. Alama zake, zilizochapishwa mwaka 2017, zina punje zilizopukutika zenyewe pamoja na zilizong'oka kwa kupurwa. Zao lilikuwa bado linageuka. Vinasaba vya punje za kale za Qasr Ibrim, kusini mwa Misri, ambako ukame umezihifadhi, vinaelekea hukohuko: uanuwai wa jeni za mtama ulipungua polepole, si kwa mkupuo mmoja.

Jeni hunishawishi zaidi zinapoeleza jinsi zao lilivyozoea mazingira. Kwa nini mtama mwekundu wenye ukakasi haukuachwa, ilhali mweupe ni mtamu zaidi? Anayelinda shamba dhidi ya kweleakwelea anajua: tanini, kemikali inayoleta ukakasi huo, huwafukuza ndege. Utafiti wa 2019 ulikwenda mbali zaidi, ukahusisha mtama wa tanini, maeneo ya kweleakwelea na jeni za binadamu za kuonja uchungu. Habari ya ndege naikubali. Ya ulimi naiona bado changa, maana ramani zinazofanana hazionyeshi nini kilisababisha nini. Watu wanaweza kuuvumilia ukakasi kwa sababu tu wanajua kuuondoa kwa majivu, au kwa sababu mtama huo unafaa kwa pombe.

Ningependa wanaokusanya sampuli wakae pia na mama anayechagua masuke ya mbegu, wamuulize kwa nini amelichukua hili akaliacha lile.