Jezi ya Jimbo na Jezi ya Taifa: Asili ya Mchezaji Ipimwe kwa Nini?

Mwezi Mei 2016 Semi Radradra, winga wa raga aliyezaliwa na kukulia Fiji, aliichezea Australia dhidi ya New Zealand. Alikuwa ameishi Sydney miaka michache tu, akiitumikia klabu ya Parramatta, na mwaka 2013 alikuwa amecheza Kombe la Dunia akiwa amevaa jezi ya Fiji. Kanuni za kimataifa zilihesabu miaka yake ya makazi zikamkubalia. Hata hivyo, mchezaji huyohuyo hakuruhusiwa kuichezea New South Wales, jimbo alilokuwa akiishi na kufanyia kazi, kwa sababu hakuwahi kuishi huko kabla ya kutimiza miaka 13. Taifa zima lilimpokea, lakini jimbo moja la taifa hilo lilimkataa.

Mkanganyiko huo ndio unaonifanya niandike. Raga ninayoizungumzia ni ile ya wachezaji 13, si ile ya 15 wala ya saba ambayo mashabiki wa Kenya wanaifahamu kupitia Shujaa, timu yao ya taifa ya raga ya saba. Mchezo huu una nguvu mashariki mwa Australia, kaskazini mwa Uingereza, New Zealand, Papua New Guinea na visiwa vya Pasifiki, na mashindano yake yanayotazamwa kwa hamu kubwa kabisa si ya mataifa. Ni State of Origin, mechi tatu za kila mwaka kati ya Queensland na New South Wales. Swali ni kama mtu anayetaka kulichezea jimbo lake alazimike pia kuwa mali ya timu ya taifa ya Australia.

Kabla ya 1980 mchezaji alilichezea jimbo ambalo klabu yake ilikuwamo. Vilabu vya Sydney vilikuwa na fedha, nyingi zikitokana na mashine za kamari, navyo viliwavuta vijana hodari wa Queensland, ambao baadaye walirudi nyumbani wakiwa wapinzani. Queensland haikuwa imeshinda mfululizo wa mechi za majimbo tangu 1959. Tarehe 8 Julai 1980, katika uwanja wa Lang Park mjini Brisbane, Queensland, ikajaribiwa kanuni mpya: kila mtu acheze kwao. Arthur Beetson, mzaliwa wa Roma katika Queensland, alikuwa na miaka 35 na alikuwa ameshaichezea New South Wales kwa sababu ya klabu zake za Sydney. Jioni ile aliongoza Queensland akiwa nahodha, akamkabili bila huruma Mick Cronin wa New South Wales, mwenzake katika klabu ya Parramatta, na Queensland ikashinda 20 kwa 10. Mashabiki walimtambua kuwa mtu wao, ingawa klabu ilisema vingine.

Wanaotaka jimbo lifungamane na taifa wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Kwao, Origin ni mashindano ya Waaustralia, na ni kichujio cha kuipata timu yao ya taifa, Kangaroos. Mlango ukifunguliwa kwa wachezaji wa New Zealand na Uingereza, wanasema, mtu ataweza kujifunza mbinu na mazoezi ya wenzake mwezi Juni, kisha miezi michache baadaye akawakabili akiwa na jezi nyingine. Wanaongeza kwamba uwakilishi bila gharama hauna thamani, na kwamba anayeambiwa achague huthibitisha moyo wake kwa kuchagua.

Lakini kuchagua huko kulikuwa na bei, na bei hiyo haikuwa sawa kwa wote. Mchezaji wa Origin alifika kulipwa dola 30,000 za Australia kwa mechi moja, kiasi ambacho hakuna timu ya taifa ya visiwani iliyoweza kukikaribia. Mwaka 2012 James Tamou, mzaliwa wa Palmerston North mwenye damu ya Kimaori aliyehamia Sydney akiwa kijana mdogo, aliichagua Australia, akaichezea dhidi ya nchi aliyozaliwa, na mwaka huohuo akaingia timu ya New South Wales. Huko New Zealand uchungu ulikuwa mkubwa. Mimi simlaumu Tamou hata kidogo. Nailaumu kanuni iliyomwambia kwamba hawezi kulitumikia jimbo alilokulia mpaka aikane nchi kilikozikwa kitovu chake. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini hawakutuambia afanye nini mtu ambaye asili zake ni mbili na zote ni za kweli.

Nguvu ya fedha hizo ilionekana vizuri pale ilipokataliwa. Kabla ya Kombe la Dunia la 2017, Andrew Fifita, aliyekuwa amezichezea New South Wales na Australia, alijitoa katika kikosi cha Australia ili aichezee Tonga. Jason Taumalolo, mzaliwa wa Auckland, aliiacha New Zealand kwa sababu hiyohiyo. Tarehe 11 Novemba, mjini Hamilton, New Zealand, timu mbili zilisogeleana kabla ya mpira kuanza, haka ya New Zealand upande mmoja na Sipi Tau, ngoma ya vita ya Tonga, upande wa pili, huku majukwaa yakiwa mekundu kwa bendera za Tonga. Hadi mapumziko New Zealand iliongoza 16 kwa 2. David Fusitu'a akafunga trai tatu na Tonga ikashinda 28 kwa 22. Miaka miwili baadaye, Novemba 2019, Tonga iliifunga Australia yenyewe 16 kwa 12 katika uwanja wa Eden Park, Auckland.

Kilichosaidia ni kwamba kanuni za kimataifa huyagawa mataifa kwa madaraja. Australia, New Zealand na Uingereza ziliwekwa daraja la kwanza, na mchezaji wa Origin aliruhusiwa kulitumikia taifa la daraja la chini bila kupoteza jimbo lake. Ndiyo sababu Jarome Luai, Brian To'o, Stephen Crichton na Junior Paulo wote waliichezea New South Wales, na mwaka 2022 wakaipeleka Samoa fainali ya Kombe la Dunia, baada ya Crichton kuipiga Uingereza kwa mkwaju wa dakika za nyongeza, 27 kwa 26. Wala si jambo geni. Adrian Lam, mzaliwa wa Rabaul, Papua New Guinea, alikuwa nahodha wa Queensland na pia wa Papua New Guinea, na sijasikia mtu wa Brisbane akidai kwamba Lam aliipenda Queensland nusunusu.

Ipo hasara ambayo sisi tunaoutetea uhuru huu tunapenda kuipita haraka. Kila nafasi anayoichukua nyota wa Sydney katika kikosi cha Samoa au Tonga ni nafasi ambayo kijana wa Apia au Nuku'alofa haipati, na taifa linaloazima kikosi chake ng'ambo linaweza kusahau kujenga ligi ya nyumbani. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kijana wa Apia anajifunza zaidi anapoiona jezi yake fainali kuliko anapoiona ikifungwa alama 60.

Nisichoweza kukitetea ni mpaka wa daraja wenyewe. Victor Radley alizaliwa na kukulia Sydney, baba yake akiwa Mwingereza. Alipoichezea Uingereza, kanuni za wakati ule zilimnyima New South Wales, ilhali mwenzake aliyeichezea Samoa alibaki nayo. Utoto wa Radley haukubadilika kwa sababu ya bendera aliyoichagua ukubwani. Tofauti pekee ni kwamba Uingereza inaweza kuishinda Australia, na hofu ya mpinzani si kigezo cha asili. Jimbo liulize swali moja tu, yaani mtu huyu alikulia wapi, na habari ya taifa liiache kwake na kwa damu yake. Taifa nalo libane kigezo chake cha makazi, ili isitokee tena kwamba taifa ni jepesi kuingia kuliko jimbo, na limzuie mchezaji kubadili bendera katikati ya mzunguko mmoja wa Kombe la Dunia.

Linabaki suala la umri wa miaka 13, uliowekwa mwishoni mwa 2012 pamoja na nafuu ya mtoto ambaye baba yake alicheza Origin. Kabla ya hapo Greg Inglis, kijana wa Bowraville katika New South Wales, aliichezea Queensland kwa kuwa kigezo kilitazama alikoanzia raga ya ngazi za juu, na malalamiko hayakuisha. Mstari wa 13 ulileta uwazi, nami nauunga mkono. Lakini tuchukue familia inayohama Auckland kwenda Brisbane ikiwa na ndugu wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa 14. Watasoma shule moja, watafunzwa na kocha mmoja na kuvaa jezi ya klabu moja ya mtaani, kisha mdogo ataitwa Mqueensland na mkubwa ataitwa mgeni. Kwa mtoto wa namna hiyo ningependa ihesabiwe miaka aliyoicheza katika raga ya shule za jimbo hilo, sio siku aliyoshuka kwenye ndege.