Kutoka Makambako hadi Canberra: anayeangushwa na chama chake aende wapi?

Huku Mbeya siasa za upinzani tunazijua kwa majina ya watu kabla ya majina ya vyama. Ukisema Sugu, hata asiyejua kifungu kimoja cha katiba ya CHADEMA, chama chake cha upinzani, anajua unamzungumzia nani. Ndiyo maana Mei 2024, Joseph Mbilinyi, ndiye huyo Sugu, alipomshinda Mchungaji Peter Msigwa kwenye uenyekiti wa Kanda ya Nyasa, pale Makambako, tena kwa tofauti ya kura chache sana, gumzo la soko la Mwanjelwa lilimruka mshindi. Watu waliulizana: Mchungaji ataenda wapi sasa? Juni haikuisha kabla ya jibu kuja. Alivaa kijani cha CCM, chama tawala.

Waliomcheka walikuwa wengi, na waliomtukana hawakuwa wachache. Mimi nimebaki na swali jingine. Mwanasiasa aliyejijengea jina kwa msimamo, akishaangushwa na watu wake mwenyewe, anaweza kuinuka na kukiongoza chama tena? Nasema anaweza. Ila kuna bei mbili, na ya pili ndiyo wengi hawaioni mapema: ya kwanza analipa akiwa nje ya uongozi, ya pili analipa akisharudi.

Mfano ninaoukumbuka kila mara uko mbali, Australia. Malcolm Turnbull alikuwa kiongozi wa chama cha Liberal, wakati huo kikiwa upinzani. Aliamini kwamba wachafuzi wa hewa lazima walipie moshi wao, akawa tayari kuuunga mkono mpango wa serikali wa kupunguza hewa ya ukaa. Wenzake wakamgeuka. Desemba 2009 Tony Abbott alimwondoa kwa kura 42 kwa 41, na kura moja ikaharibika. Fikiria unapoteza chama kwa kura moja, na kuna mtu humo ndani kaharibu karatasi yake! Miezi michache baadaye akavuka upande bungeni na kuupigia kura mpango uleule uliomwangusha. Akatangaza kuwa ataacha ubunge, kisha akabadili mawazo, akakaa viti vya nyuma. Septemba 2015 akamshinda Abbott huyohuyo kwa kura 54 kwa 44, akawa waziri mkuu.

Ukiishia hapo utapiga makofi. Lakini ili arudi, Turnbull alilazimika kuwahakikishia wenzake, na chama rafiki cha Nationals, kwamba sera ya hali ya hewa ya Abbott itabaki ilivyo. Yaani alipewa kiti kwa sharti la kuacha mlangoni kile kilichomfanya awe Turnbull. Na Agosti 2018 akaondolewa tena, safari hii mgogoro wa nishati na moshi ukiwa umemrudia. Jambo lile lile lilimwangusha mara mbili, mara ya kwanza kwa kulishikilia, mara ya pili kwa kulilegeza.

Turudi nyumbani. Tundu Lissu alimiminiwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017, akatibiwa Nairobi na Ubelgiji, akapoteza ubunge 2019 akiwa bado nje ya nchi, akarudi kugombea urais 2020, akaondoka tena baada ya uchaguzi, akarejea Januari 2023. Mtu wa kawaida angekuwa amestaafu mara tatu. Januari 2025 akamshinda Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA tangu 2004, kwa kura 513 kwa 482.

Alirudi kwa sababu chama kilikuwa kimechoka. Mbowe alitoka gerezani Machi 4, 2022, na siku hiyohiyo akawa Ikulu kuzungumza na Rais Samia. Yakafuata maridhiano, mikutano ya hadhara ikafunguliwa Januari 2023, na viwanja kama Ruanda Nzovwe vikapata watu tena. Hilo si dogo, na siwaelewi wanaolibeza. Lakini uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 ulipokwenda ulivyokwenda, wanachama wengi waliona maridhiano yamewaachia mikono mitupu, na maneno ya "kulamba asali", yaani viongozi kunufaishwa na watawala, yakasambaa kuliko ajenda yoyote ya chama. Siku kama hizo ndizo mtu wa msimamo hupata nafasi yake. Wajumbe hawakuamka asubuhi na kugundua kwamba Lissu ana akili. Walijua siku zote. Walikuwa wamekosa njia nyingine ya kusema hapana.

Tofauti yake na Turnbull ni kwamba yeye hakuacha kitu mlangoni. Aliingia nacho ndani: hakuna uchaguzi bila mabadiliko. Bei yake tumeiona sote. Aprili 9, 2025 alikamatwa Mbinga, huku huku kusini, kesho yake akasomewa shitaka la uhaini Dar es Salaam. Siku chache baadaye chama kikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Mwezi uliofuata kundi la waliopinga msimamo ule, wale waliojiita G55, likahamia CHAUMMA, chama kingine cha upinzani. Unaweza kusema Lissu alikuwa sahihi na bado ukakiri kwamba chama alichokipokea na chama kilichobaki havikuwa na ukubwa uleule. Mimi nasema yote mawili, na marafiki zangu wa pande zote wananinunia.

Yuko na wa aina ya tatu, anayerudi kwa mlango wa ofisi. Profesa Ibrahim Lipumba aliacha uenyekiti wa CUF Agosti 2015 kwa sababu hakukubali Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, kumpokea Edward Lowassa aliyetoka CCM. Huo ulikuwa msimamo, hata kama ulituudhi tuliotaka ushindi. Mwaka uliofuata akataka kiti chake, wenzake wakakataa, Msajili wa Vyama akamtambua. Kesi zikaenda hadi Machi 2019, na Maalim Seif, katibu mkuu wa CUF, na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo wakiimba shusha tanga, pandisha tanga. Profesa akabaki na bendera, mihuri na jengo la Buguruni. Maalim, ambaye CCM ilikuwa imemfukuza mwaka 1988, akaenda na Zanzibar yake. Ukitaka kujua nani kati yao alirudi kweli, tazama wanachama walimfuata nani.

Nikirejea kwa Mchungaji Msigwa, sina nia ya kumhukumu. Alilalamikia uchaguzi ule wa Makambako, na inawezekana alikuwa na hoja. Chaguzi zetu za ndani si za malaika. Mtu aliyekuwa mbunge wa Iringa Mjini miaka kumi, aliyesimama uwanja wa Mwembetogwa na kuitikisa serikali, ana haki ya kuchoka. Ninachosema ni kwamba viti vya nyuma vingemfaa zaidi. Angekaa pale miezi minane tu, Januari 2025 ingemkuta ndani ya chama kilichokuwa kinatafuta watu wenye sauti kama yake. Sasa hata akitaka kurudi, atalazimika kwanza kueleza kila alichokisema jukwaani akiwa na kofia ya kijani, na simu za watu huku zimehifadhi kila video.

Mbowe, kwa upande wake, alikubali matokeo ya Januari 2025 asubuhi ileile na kumpongeza mshindi. Kuna vijana hapa Mbeya wanaodhani habari yake imekwisha. Mimi siamini. Chama kikipita kwenye gereza, mapasuko na kufungiwa, huwa inafika siku wanachama wanamtafuta mtu wa mazungumzo kwa hamu ileile waliyomtafutia mtu wa mapambano.

Kinachoniudhi ni jinsi tunavyozifanya chaguzi hizi zifanane na msiba. Mtu akikaa kwenye kiti miaka 21, hakuna namna ya kumwondoa bila kumvunjia heshima, na hakuna namna ya yeye kurudi bila kuonekana analipiza kisasi. Lissu mwenyewe, akiomba kura, aliahidi ukomo wa vipindi vya uongozi ndani ya chama. Ahadi hiyo haihitaji kibali cha polisi wala cha Tume ya Uchaguzi. Inahitaji Mkutano Mkuu na watu wa kutosha wenye ujasiri, na ningependa kuona viongozi wetu wa Nyasa, Sugu akiwa mbele, wakiidai hata kama mwenyekiti yuko gerezani na hata kama itawagusa wao wenyewe.