Akina mama wa Trobriand mmewapita juu juu
Picha za maghala ya viazi vikuu katika makala yenu kuhusu visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, ni nzuri kweli. Ila mwandishi anasema akina mama "husaidia" matanga. Husaidia? Sagali, ile shughuli ya kugawa mali baada ya msiba, ni yao.

Mali yenyewe ni majani ya mgomba. Jani hulazwa juu ya ubao uliochongwa nakshi, likaparwa kwa gamba la kombe, likaanikwa juani, kisha vipande vikafungwa vitita. Siku ya sagali wanawake wa ukoo wa marehemu hujaa uwanjani wakigawa vitita na sketi za majani, kwa maelfu, kuwalipa waliobeba maombolezo: upande wa mume au mke, na wa baba. Mke akipungukiwa, mumewe hutoa nguruwe, viazi au pesa ili vitita vingine vipatikane. Na lile ghala la kwenye picha? Viazi vingi humo hulimwa na shemeji, kaka wa mke. Huko ukoo hufuatwa kwa mama, kama kwetu Wamakonde, basi dada akiolewa kaka hajamaliza kazi.

Mwanaanthropolojia Malinowski aliishi huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaandika mno kuhusu “kula”, si kula chakula bali desturi ya huko ya wanaume kusafiri kwa mitumbwi wakibadilishana mikufu na bangili za kombe. Majani hakuyajali sana. Ikabidi afike mwanaanthropolojia mwingine, Annette Weiner, miaka ya 1970 ndipo yapewe uzito wake. Sasa mhariri, bado tunarudishwa kwenye mitumbwi tu?